Mvuke wa rubidi unapitisha leza asubuhi, mchana unaimeza. Tatizo ni seli, leza au sumaku?

#1 ChupaYaMvuke (Kigoma)

Wakuu, salaam. Tujadili kwa vipimo.

Mfumo uko Kigoma, Katubuka, chumba cha mafunzo chenye bati juu na feni, hakuna kiyoyozi. Seli ya kioo ina rubidi asilia (metali, mchanganyiko wa aina mbili za atomi, 85 na 87), urefu sm 7.5, haina gesi nyingine ndani. Leza ni ya dayodi, nm 780, yenye greti ya nje (kioo chenye mistari myembamba kinachochagua masafa ya leza). Haijafungwa kwenye masafa, yaani hakuna kinachoyashikilia yasihame. Nimeiegesha ubavuni mwa bonde (masafa ambayo mvuke unafyonza mwanga) la rubidi 85 F=3, upande wa masafa ya chini. F ni namba ya ngazi ya nishati ya atomi. Mwanga ni mW 1, kipenyo cha mwale mm 2. Baada ya seli kuna fotodayodi ya silikoni yenye kipingamizi cha kΩ 1, bila betri ya kuisaidia.

Saa 2 asubuhi chumba kikiwa nyuzi 22, mwanga unaopita ni asilimia 61. Saa 9 alasiri, nyuzi 31, unabaki asilimia 28. Kuanzia jioni unapanda tena.

Dai langu: joto la chumba peke yake halitoshi kueleza hili. Anayepinga alete hesabu.

#2 Nyuzi_Thelathini (Tabora)

Napinga, na hesabu hii hapa. Wingi wa atomi ndani ya seli unafuata msukumo wa mvuke, na msukumo huo unapanda haraka sana na joto. Kutoka nyuzi 22 hadi 31 wingi wa atomi za rubidi unaongezeka karibu mara 2.6.

Asilimia 61 maana yake kina cha ufyonzaji ni 0.49 (logi asilia ya 0.61, ondoa alama ya kutoa). Zidisha kwa 2.6, unapata 1.27. Rudisha kwenye asilimia: 28. Umepima 28. Sasa unatafuta mchawi wa nini?

#3 Mzee wa Greti

#2 hesabu ni safi, ila umeipeleka mahali ambapo haihusiki. Soma #1 tena: leza haijafungwa, na imeegeshwa ubavuni mwa bonde. Kwa nm 780, GHz 1 ni nm 0.002 tu. Upana wa bonde lote kwa mwendo wa atomi ni kama GHz 0.5. Dayodi tupu huhama karibu nm 0.06 kwa kila nyuzi moja, yaani GHz 30. Yenye greti juu ya kitako cha alumini, alumini inatanuka sehemu 23 kwa milioni kwa nyuzi, na masafa ni THz 384, kwa hiyo ni karibu GHz 9 kwa nyuzi moja.

Ukikosea nyuzi 0.02 tu kwenye kitako, umehama MHz 180. Kwenye ubavu wa bonde hiyo inatosha kabisa kukutoa 61 hadi 28. Chumba kimepanda nyuzi 9. Kidhibiti joto chako kinashikilia sehemu ya mia moja ya nyuzi kwa saa 7 mfululizo? Thibitisha.

#4 Fundi Sokoni

Mbona jibu ni rahisi wakuu. Rubidi inayeyuka nyuzi 28. Asubuhi ni gumu, alasiri imekuwa maji, mvuke umefumuka. Mchezo umeisha.

#5 Nyuzi_Thelathini (Tabora)

#4 hapana. Nyuzi 28 na nusu hivi ni sezi. Rubidi ni 39.3, kwa hiyo kwenye chumba chake ni gumu kutwa nzima. Na hata ikivuka kiwango cha kuyeyuka, msukumo wa mvuke hauruki ghafla. Mstari unaendelea, mteremko wake tu ndio unabadilika kidogo.

#6 Fundi Sokoni

Nimeelewa, asante. Basi mwenye seli ya sezi Kigoma ataikuta imeyeyuka mezani bila hita.

#7 Dada wa Lenzi (Ujiji)

Wote mnapiga hesabu ya mwanga dhaifu wakati mwanga wake si dhaifu. mW 1 kwenye kipenyo cha mm 2 ni mW 32 kwa sentimita ya mraba. Kiwango cha kushiba kwa mpito wenye nguvu zaidi wa D2 (mstari wa rubidi wa nm 780) ni 1.67. Yupo juu mara 19. Pale kanuni ya kina cha ufyonzaji ya #2 haisimami, kwa sababu mwanga wenyewe umebadilisha atomi. Baadhi zimeshapandishwa juu na haziwezi kufyonza tena, na nyingine zimeanguka kwenye F=2, ambako leza hii haizioni kabisa. Atomi inakatiza mwale wa mm 2 kwa mikrosekunde 7 hivi, na ndani ya muda huo imeshafyonza na kutema fotoni nyingi. Kwa hiyo #2 kukutana na 28 ni bahati.

Mkuu ChupaYaMvuke, ukitaka namba inayosema jambo fulani kuhusu mvuke, fanya hivi. Tanua mwale kwa lenzi mbili, mm 50 kisha mm 250, ziachane mm 300. Kipenyo kinatoka mm 2 kwenda mm 10. Kabla yake weka vichungi vya kijivu hadi ubaki na µW 10. Hapo una mW 0.013 kwa sentimita ya mraba, chini ya asilimia 1 ya kiwango cha kushiba. Halafu usiegeshe leza. Itembeze kwa piezo (kipande kinachosogeza greti kwa umeme), wimbi la pembetatu, Hz 10, GHz 8 hivi ili uone mabonde yote manne. Mpangilio kutoka masafa ya chini ni 87 F=2, 85 F=3, 85 F=2, 87 F=1. Soma kina cha bonde katikati. Leza ikihama, bonde linahama kwenye skrini lakini kina hakibadiliki. Hapo ndipo unatenganisha hoja ya #2 na ya #3.

#8 Kipimo Kwanza

Naongezea kwa #7 kabla hajabadilisha chochote: fotodayodi. Silikoni kwa nm 780 inatoa karibu ampea 0.5 kwa wati. mW 1 ni mA 0.5, juu ya kΩ 1 ni V 0.5. Dayodi isiyo na betri huanza kubonyea hapo hapo karibu na V 0.4. Maana yake ile "asilimia 100" yako imesomwa pungufu, na asilimia 61 halisi iko chini ya 61. Weka betri ya V 9 kinyume. Kwa µW 10 za Dada wa Lenzi kipingamizi kiwe kΩ 100, utapata V 0.5 safi, ila kebo iwe fupi na taa za chumba zizimwe. Taa za mirija zitakuletea mawimbi ya Hz 100 yakakaa juu ya bonde.

Pili, weka kioo cha kugawa mwanga kabla ya seli na fotodayodi ya pili. Gawanya moja kwa nyingine. Nguvu ya dayodi ikishuka mchana utaiona.

Tatu, ondoa leza kabisa kwenye mabonde, GHz 15 au 20 pembeni, upime asubuhi na alasiri. Ikishuka hapo pia, basi ni vioo vya seli. Rubidi huganda mahali penye baridi kuliko pengine, na kama mahali hapo ni dirisha, utaona utando wa kifedha hafifu ukiinamisha seli kwenye mwanga wa dirishani.

#9 ChupaYaMvuke (Kigoma)

Shukrani. La tatu la #8 nimelifanya. Nje ya mabonde asubuhi na alasiri hakuna tofauti inayozidi asilimia 2, kwa hiyo vioo vya seli navitoa kwenye orodha. Kidhibiti joto: thamista (kipima joto cha umeme) iko karibu na dayodi, na skrini yake haiyumbi zaidi ya nyuzi 0.01. Boksi la leza ni alumini yenye kifuniko cha skrubu, halina raba ya kuziba hewa.

Mengine yanahitaji lenzi. Nitarudi.

#10 Mzee wa Greti

Thamista karibu na dayodi inakueleza joto la dayodi. Greti iko sm 2 au 3 mbele yake, kwenye mkono wa piezo, na mkono huo unaguswa na hewa ya boksi. Dayodi imetulia, greti haijatulia. Hilo ni kosa la kawaida la mifumo hii.

#11 Hewa ya Ziwa (Kigoma)

Hakuna aliyetaja shinikizo la hewa, na kwetu huku karibu na ikweta lina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Katika nchi za tropiki shinikizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa ratiba inayotabirika. Kilele ni karibu saa 4 asubuhi, shimo ni karibu saa 10 jioni, kisha linapanda tena hadi saa 4 usiku. Tofauti ya kilele na shimo la mchana ni hektopaskali 3 hadi 4. Sasa boksi lake halijazibwa. Kila hektopaskali 1 inabadilisha kipeo cha kupinda mwanga wa hewa kwa 0.27 kwa milioni. Zidisha na THz 384: MHz 100. Kwa hektopaskali 3 hadi 4, leza inahama MHz 300 hadi 400 bila joto kubadilika hata kidogo. Zaidi ya nusu ya upana wa bonde.

Na muda wake unafanana na aliyoandika #1: inashuka mchana, inarudi kuanzia jioni. Upande nao unakubali. Shinikizo likishuka, hewa ya kati ya dayodi na greti inakuwa nyepesi, masafa yanapanda. Kaegesha upande wa masafa ya chini. Kupanda ni kuingia bondeni.

#12 Mzee wa Greti

Hii ya #11 nimeipenda, na upande ni hoja nzuri. Lakini joto nalo lina muda huo huo. Kila kitu mchana kina muda huo huo.

#13 Hewa ya Ziwa (Kigoma)

Muda ndiyo, upande hapana. Kitako kikipata joto, alumini inatanuka, nafasi ya dayodi na greti inarefuka, masafa yanashuka. Angetoka bondeni kuelekea kwenye nafasi ya kati yake na 87 F=2, mwanga ungeongezeka. Kapima umepungua. Kwa hiyo kitako chako kimekwenda kinyume na kipimo.

#14 Mzee wa Greti

Kama kitako kizima kingepata joto, ungekuwa sahihi. Kidhibiti kinapopambana na joto la chumba, kinapoza zaidi upande wa dayodi kuliko upande wa pili. Sehemu moja inasinyaa, nyingine inatanuka, na alama ya jumla inategemea wapi thamista imebandikwa. Usitoe hukumu kwa alama peke yake. Azibe boksi kwa raba na silikoni ya bomba, hewa ndani ibaki na uzito ule ule kutwa. Mwendo ukiisha, ni hewa. Ukibaki, ni kitako.

#15 Koili Tatu (Tabora)

Mmesahau sumaku. Rubidi 85 kutoka F=3 kwenda F'=4 ni mpito ambao hali ya juu ina F kubwa kuliko ya chini. Mipito ya namna hiyo hufyonza *zaidi* uga wa sumaku unapokaribia sifuri, kinyume na ile ya kuelekea F' ndogo au sawa, ambayo inakuwa wazi zaidi. Uga wa dunia huku kwetu ni kama theluthi moja ya gausi. Bati la paa, nondo, meza ya chuma na waya za hita vyote vinaubadilisha. Kama mchana kuna mashine jirani inayobadilisha uga pale kwenye seli, ufyonzaji utabadilika.

#16 Dada wa Lenzi (Ujiji)

#15 jambo lipo, ukubwa wake ndio haupo. Athari hiyo kwenye seli tupu ya joto la chumba ni asilimia chache za ufyonzaji. Hapa tunazungumzia kutoka 61 hadi 28. Iweke kwenye orodha ya masahihisho, isiwe mtuhumiwa mkuu.

#17 Koili Tatu (Tabora)

Kwa ukubwa nakubali. Nimeileta kwa sababu kila anayetaka kuuongoza mvuke kwa makusudi atakutana nayo.

#18 Mgeni wa Reli

Samahani wakuu, mmesema "kuuongoza mvuke". Kwani mtu anaweza kuamua mvuke upitishe au umeze, kwa leza ile ile na joto lile lile?

#19 Koili Tatu (Tabora)

Anaweza, na njia zipo nyingi. Nyepesi kabisa ni mwanga mkali kuishibisha atomi. Ya pili ni kuzihamishia atomi zote kwenye ngazi ambayo leza haiioni. Ya tatu ndiyo yenye utamu: leza mbili zinazoshirikiana.

Chukua rubidi 87. Ngazi zake mbili za chini, F=1 na F=2, zimeachana GHz 6.834. Leza moja inaunganisha F=1 na ngazi ya juu, nyingine inaunganisha F=2 na ngazi ile ile ya juu. Tofauti ya masafa yao ikiwa sawasawa na GHz 6.834, atomi inaingia kwenye mchanganyiko wa ngazi mbili za chini ambamo misukumo miwili inafutana. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, mmoja ndani mmoja nje, kwa nguvu sawa: mlango hausogei. Atomi haipandi, haifyonzi, mwanga unapita. Ukizima leza moja, ile nyingine inamezwa. Ndiyo maana moja inaitwa leza ya kuongoza na nyingine ya kupima.

Hali hiyo ya giza ilionekana Pisa, Italia, mwaka 1976, kwenye mvuke wa sodiamu. Mwaka 1991 kundi la Stanford, Marekani, lilionyesha mvuke wa stronti uliokuwa mzito kabisa ukifunguka hivyo. Baadaye mwaka 1999 mwanga ukapunguzwa mwendo hadi mita 17 kwa sekunde ndani ya mvuke wa rubidi.

#20 Kipimo Kwanza

Sahihisho kwa #19: mita 17 kwa sekunde ilikuwa wingu la sodiamu lililopozwa mno, la kundi la mwanafizikia Lene Hau. Mvuke moto wa rubidi mwaka huo huo 1999 ulitoa karibu mita 90 kwa sekunde, na kundi jingine likafika mita 8. Mengine yote sawa.

#21 Koili Tatu (Tabora)

Sahihi kabisa, asante.

#22 Mgeni wa Reli

Na anayetaka kuliona hilo kwa vifaa vya #1 aanzie wapi? Leza mbili za aina hiyo ni gharama.

#23 Koili Tatu (Tabora)

Aanze na leza moja na sumaku. Ngazi ndogo za F ile ile zinafanya kazi ya zile ngazi mbili za chini, na mwanga wenye mtetemo wa mstari mmoja ni mchanganyiko wa mizunguko miwili, ya kulia na ya kushoto. Uga ukiwa sifuri, ngazi ndogo ziko sawa, giza linatokea, mwanga unapita. Uga ukiongezeka, zinaachana, ufyonzaji unarudi. Unauongoza mvuke kwa mkondo wa koili.

Vitu vyenyewe. Leza ya nm 795, yaani D1, rubidi 87, F=2 kwenda F'=1. Kwa nm 780 yake inawezekana, lakini pale ngazi za juu zimebanana na ule mpito wa #15 unavuta upande wa pili, utapata ishara ndogo au iliyogeuka.

Koili jozi tatu, kila jozi inaangalia upande wake. Nusu kipenyo sm 10, koili mbili ziachane sm 10, mizunguko 50 kila moja. Kufuta theluthi ya gausi inatosha mA 73 kama uga wote ungekuwa kwenye mhimili mmoja. Utaugawa kwa jozi tatu, maana huku kusini mwa ikweta ya sumaku mshale wa uga umeinama kwenda juu, haujalala. Sumaku-pima ya simu itakufikisha karibu, baada ya hapo rekebisha kwa kuangalia ishara yenyewe.

Kwa nini ufute? Rubidi 87 inahama MHz 0.7 kwa gausi kwa kila hatua ya ngazi ndogo, na hapa tunaruka hatua mbili, MHz 1.4. Uga wa dunia peke yake unaziachanisha karibu kHz 460. Upana wa dirisha la uwazi kwenye seli tupu na mwale wa mm 2 ni makumi ya kHz, kwa sababu atomi inatoka kwenye mwale baada ya mikrosekunde 7. Usipofuta uga, dirisha lipo mahali ambapo hukuangalia.

Kisha jozi inayofuata mwale uipe wimbi la pembetatu la Hz 5 hadi 10, leza ikae katikati ya bonde. Kwenye osiloskopu utaona kilele chembamba katikati ya skrini. Kama ni kipana na kimekaa kama kilima, jozi mbili za pembeni hazijafuta vizuri.

#24 Dada wa Lenzi (Ujiji)

#23 umesema vizuri, naongeza yanayoharibu. Hita ya seli yenye mkondo wa moja kwa moja ni sumaku nyingine. Waya za kwenda na kurudi zisokotwe pamoja, au hita izimwe kwa sekunde chache za kupima. Skrubu za chuma kwenye kishikio cha seli ziondolewe, weka shaba nyeupe au plastiki. Mwale ukiwa na doa lisilo sawa, tanua.

Na ukiingia kwenye leza mbili, usiziache ziingie kwa pembe. Pembe ya miliradiani 1 tu inaleta kHz 340 za mwendo wa atomi kwenye tofauti ya masafa, dirisha linafunikwa. Zipite njia moja, uelekeo mmoja. Zikikutana uso kwa uso ni mbaya zaidi. Zote mbili zitoke kwenye chanzo kimoja. Leza mbili zisizofahamiana zinayumba kila moja kivyake, na mchanganyiko wa giza unavunjika kabla haujakaa.

#25 Kipimo Kwanza

Ndiyo maana saa ndogo za atomi zinatumia dayodi moja inayotikiswa. Mkondo wake ukitikiswa kwa GHz 3.417, mabawa mawili ya kwanza (masafa mapya yanayozaliwa pande mbili za leza) yanaachana GHz 6.834. Hakuna leza ya pili. Seli inajazwa neoni au nitrojeni kidogo ili atomi isikimbilie ukutani, na dirisha linashuka kutoka makumi ya kHz hadi chini ya kHz 1 ukilitunza.

Ila gesi usizidishe. Neoni inapanua mstari wa rubidi karibu MHz 10 kwa kila tori 1 (kipimo cha shinikizo la gesi). Tori 30 ni MHz 300. Kwa D2 ngazi za juu zinamezana. Kwa D1 ya rubidi 87 zimeachana zaidi ya MHz 800, bado zinatofautishika. Ndiyo sababu ya pili ya kupenda nm 795.

#26 Fundi Sokoni

Saa hizi ndizo zilizo kwenye satelaiti zinazotuelekeza kwenye simu?

#27 Kipimo Kwanza

Satelaiti za GPS zina saa za rubidi, ndiyo, ila nyingi ni za aina ya zamani yenye taa ya rubidi badala ya leza. Kanuni ya mvuke kubadilisha kiasi cha mwanga unaopita ni ile ile: ufyonzaji ndio unaosema masafa yamegonga au hayajagonga.

#28 Hewa ya Ziwa (Kigoma)

Turudi kwenye swali la uzi jamani, mwenye uzi ataukuta umefika mbinguni.

#29 ChupaYaMvuke (Kigoma)

Nimerudi na lenzi. Nimefuata #7 na #8: µW 10, kipenyo mm 10, fotodayodi ina betri, leza inatembezwa, nimesoma katikati ya bonde la 85 F=3. Saa 2 asubuhi asilimia 41 inapita. Saa 9 alasiri asilimia 15. Chumba nyuzi 22 na 31 kama kawaida.

#30 Nyuzi_Thelathini (Tabora)

Hapo sasa! Kwa seli ya sm 7.5 na mwanga dhaifu, katikati ya bonde hilo kwa nyuzi 22 hesabu inatoa takriban 39, na wewe una 41. Kwa hiyo seli iko sawa na kipimo kiko sawa. Joto linafanya kazi yake.

#31 Dada wa Lenzi (Ujiji)

Nusu ya pili hujaimaliza. Kwa nyuzi 31 hesabu hiyo hiyo inatoa takriban 9. Yeye ana 15. Kina chake kimetoka 0.89 hadi 1.90, mara 2.1, si 2.6. Mara 2.1 inalingana na nyuzi 29. Maana yake sehemu baridi kuliko zote ya seli, pengine lile shina la kioo lenye donge la rubidi, liko nyuma ya hewa ya chumba kwa nyuzi 2. Shina limegusa chuma cha kishikio?

#32 ChupaYaMvuke (Kigoma)

Limegusa. Kishikio ni alumini juu ya meza ya chuma.

#33 Dada wa Lenzi (Ujiji)

Basi ndiyo hivyo. Bandika thamista kwenye shina, usiamini ya ukutani. Ukiweka hita, madirisha yawe juu ya shina kwa nyuzi 5 hadi 10, rubidi ibaki shinani. Ukiweka seli nyuzi 45 kutwa nzima, chumba kitakuwa hakina usemi tena, ila wingi wa atomi utakuwa zaidi ya mara 7 ya ule wa nyuzi 25, na kwa sm 7.5 katikati ya mabonde ya 85 patakuwa giza tupu. Kwa kazi ya darasani nyuzi 35 zinatosha, juu kidogo ya joto la alasiri.

#34 Mzee wa Greti

Mnasherehekea mapema. Kwa kutembeza leza mmeondoa mwendo wake kwenye kipimo, kwa hiyo lazima mbaki na wingi wa atomi. Swali la #1 lilikuwa leza iliyoegeshwa ubavuni kwa mW 1. Kwa mwanga ule uliokwishashibisha mvuke, hamjathibitisha kwamba wingi kuongezeka mara 2.1 peke yake ndio uliovuta 61 hadi 28. Kwa kanuni ya mwanga dhaifu, 0.49 mara 2.1 ni 1.03, yaani asilimia 36. Huenda kuna kingine kimeongeza, na mimi nasema kingine hicho ni masafa.

#35 Hewa ya Ziwa (Kigoma)

Na masafa hayo yamesukumwa na hewa. Mkuu ChupaYaMvuke, simu nyingine zina kipima shinikizo ndani. Usiangalie thamani, angalia mabadiliko. Iweke mezani, andika hektopaskali na mahali pa bonde kwenye skrini kila nusu saa kuanzia saa 2 hadi saa 12 jioni. Piezo usiiguse. Ukipata MHz 100 kwa hektopaskali, mnajua pa kunipata.

#36 Mzee wa Greti

Na thamista ya pili kwenye mkono wa greti, siku hiyo hiyo, safu ya tatu kwenye daftari. Isipoandikwa, tutabishana hadi masika. Kwa kupima umbali kwenye skrini tumia mabonde yenyewe kama rula: la kwanza hadi la mwisho ni kati ya GHz 6 na 7, lakini piezo haitembei sawasawa mwanzo na mwisho wa wimbi, kwa hiyo pima kwenye mteremko mmoja tu, wa kupanda au wa kushuka, usichanganye.

#37 Koili Tatu (Tabora)

Na ukishaziba boksi usisahau unyevu. Ziba siku kavu, weka kifuko cha silika ndani, na dayodi usiipoze chini ya nyuzi 20 wakati wa mvua. Umande ukikaa kwenye dirisha la dayodi, nguvu itashuka, leza itaruka ghafla kwenda masafa mengine, na nyote wawili mtadai ushindi kwa kipimo kibovu.

#38 ChupaYaMvuke (Kigoma)

Sawa. Safu nne: saa, hektopaskali, joto la mkono wa greti, mahali pa bonde. Naanza na boksi likiwa wazi, kisha lililozibwa. Raba ya unene wa mm 3 inatosha kwa kifuniko cha skrubu sita, au skrubu ziongezwe?

#39 Mzee wa Greti

Ongeza ziwe kumi. Kwa sita kifuniko kitapinda katikati, hewa itapita pale pale.